Malkia Zewditu wa Uhabeshi

Wasikilizaji wetu wa Mbulu na Hanang, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya Uhabeshi, nchi ambayo sasa huitwa Ethiopia. Ni mbali kwa mwendo, lakini kwa maneno si mbali sana, maana wataalamu wa lugha wamekwisha kuonyesha ya kuwa Kiiraqw ni cha jamaa moja na Kioromo na Kisomali, lugha zisemwazo huko. Kwa hiyo habari za malkia huyu si za wageni kabisa.

Mfalme Menelik wa Pili alikufa mwezi wa Desemba, 1913, wala hakuacha mwana wa kiume. Akamrithi mjukuu wake, kijana Iyasu. Baba yake Iyasu, Ras Mikael wa Wollo, alizaliwa Mwislamu, akabatizwa mwaka 1878 kwa amri ya mfalme wa wakati ule. Iyasu alipenda kukaa Harar na kufanya urafiki na wakuu wa Kiislamu. Adui zake wakaeneza neno ya kuwa ameuacha Ukristo. Kama aliuacha kweli, wenye elimu wangali wakibishana. Sisi twaona kwamba kutaka Waislamu wapate heshima katika nchi yao wenyewe hakukuwa kosa. Lakini mfalme wa Uhabeshi alitiwa mafuta na Kanisa, na uvumi kama huo ulitosha kumwangusha.

Tarehe 27 Septemba, 1916, wakuu walikusanyika Addis Ababa. Askofu Mkuu, Abuna Matewos, akawafungua katika kiapo chao, nao wakamwuzulu Iyasu. Wakamweka Zewditu, binti Menelik, aliyekuwa na umri wa miaka 40, na Ras Tafari Makonnen awe msimamizi wa serikali na mrithi wake. Ras Mikael akaja na jeshi kubwa kutoka kaskazini kumtetea mwanawe. Walipigana Segale tarehe 27 Oktoba. Maelfu ya watu wakafa, na Mikael akakamatwa. Zewditu akavikwa taji tarehe 11 Februari, 1917.

Taji hilo lilikuwa na bei yake. Wakuu waliogopa mumewe, Ras Gugsa Welle, asije akapata nguvu kwa ajili yake, basi wakawatenganisha, naye Gugsa akapewa kutawala Begemder, mbali na mji mkuu.

Wako wasemao kwamba kazi yote ya miaka ile ilikuwa ya Tafari. Hatukubali. Tafari alipenda shule na mashauri ya mataifa mengine, na mapadre na wazee wa zamani walimshuku. Malkia walimwamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufunga na kusali, mjenzi wa makanisa. Alipokaa kitini, wao walitulia. Nao kama wasingalitulia, Tafari asingalipata nafasi ya kufanya neno lo lote. Hivyo mwaka 1923 Uhabeshi uliingia katika Chama cha Mataifa huko Geneva, na amri za kuzuia biashara ya watumwa zikatolewa. Mwaka 1928, baada ya mashindano makali katika jumba la kifalme, alimpa Tafari cheo cha Negus, yaani mfalme, bila kuiingiza nchi vitani.

Mwezi wa Machi, 1930, Gugsa alipigana na majeshi ya serikali, akauawa tarehe 31. Zewditu, ambaye alikuwa mgonjwa, akafa tarehe 2 Aprili. Tarehe 2 Novemba Tafari alitawazwa kwa jina la Haile Selassie, na safari hiyo hapakuja jeshi kutoka kaskazini kushindania kiti.