Maneno Yatumikayo Katika Hoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya maneno yampasayo karani kuyajua anapopima hoja ya mwingine au kuandika yake. Hatukuja kufundisha, maana wamo humu waliotutangulia katika kazi ya kalamu. Twaja kueleza kosa letu wenyewe.

Mwenzetu mmoja alifariki akiwa kazini, na mjane wake hakulipwa mshahara wa siku za mwisho. Alitujia, nasi tukamwandikia barua hivi: "Mjane huyu ni maskini kabisa, na watu wote wajua kuwa ameonewa. Eti aambiwa angoje! Kwa hiyo tunadai haki yake." Tuliisoma mara mbili, tukajisifu. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, nalo lilikuwa fupi: Watu wote ni nani? Adai kiasi gani, na cha tangu lini? Katika miezi ile miwili mama yule aliuza cherehani yake.

Basi tuyatazame maneno yale.

Dai lina sura mbili. Tukisema, "Twamdai shilingi kumi," twataja deni lililo wazi. Lakini tukisema, "Adai kuwa shamba ni lake," msikilizaji aelewa kuwa jambo hilo halijathibitika, na pengine sisi wenyewe hatulisadiki. Aandikaye "tunadai" pasipo kutaja kiasi wala tarehe ataka sura ya kwanza, naye msomaji ampa ya pili. Ombi ni jingine: laelekea huruma, na aombwaye aweza kukataa asiwe na kosa. Lalamiko laeleza maumivu tu. Barua yetu ilikuwa lalamiko, nasi tuliita dai.

Hoja ni dai lililofuatana na sababu yake, na sababu nayo ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 1931 Martin Kayamba, mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba. Walikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Twataja safari hiyo kwa ajili ya neno moja: walikwenda kama mashahidi, si kama waombaji. Shahidi huulizwa, "Wajuaje?" naye hana budi kuwa na jibu. "Watu wote wajua" si jibu.

Eti ni neno dogo lenye dharau. Lamwita mtu mwongo kabla hatujaonyesha uwongo wake, na yule asomaye barua huenda ndiye aliyesema maneno yale. Bila shaka nalo, tumeona, huandikwa zaidi mahali penye shaka.

Kwa kuwa hutangulia sababu; kwa hiyo hutangulia lile litokalo katika sababu. Sisi tuliandika kwa hiyo, na nyuma yake hapakuwa na sababu, palikuwa na hasira.

Limebaki ijapokuwa, nalo makarani wengi waliogopa. Pingamizi ni kama gogo lililokingama njiani. Wengine hulinyamazia wakitumaini kuwa msomaji hataliona. Lakini yeye ndiye aliyelilaza. Afadhali tulitaje sisi kwanza, kisha tuliondoe.

Barua ya pili ilisema hivi: "Marehemu alihudhuria kazini hata tarehe 19, kama daftari ya mahudhurio ionyeshavyo. Alilipwa mpaka mwisho wa mwezi uliotangulia. Kwa kuwa siku hizo 19 hazijalipwa, mshahara wake wa siku hizo ni deni. Ijapokuwa marehemu hakuacha wasia, hati ya baraza iliyoambatishwa hapa yaonyesha kuwa mkewe ni mrithi. Kwa hiyo twaomba alipwe yeye." Angalieni kuwa tulirudi kwenye twaomba, deni likiisha kuonyeshwa, adabu haipunguzi kitu.

Fedha zililipwa baada ya majuma matano. Cherehani haikurudi.

Nakala za barua zote mbili, majina yakiwa yamefutwa, ziko kwa Mwandishi wa Chama. Atakaye kuzilinganisha na amwendee.