Chumba Jirani na TaSUBa

Anayetafuta chumba Bagamoyo karibu na TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, mara nyingi hukutana kwanza na dalali. Huyu hudai kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake, mbali na miezi mitatu au sita anayoitaka mwenye nyumba. Mfuko hutoboka kabla godoro halijaingia!

Msimu wa tamasha la sanaa, wageni hufurika na vyumba huadimika.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe, lakini chumvi ya bahari hula plasta na bati. Mpangaji akague paa, choo, na hasa luku: mita moja kwa wapangaji watano, ugomvi haukosi. Mkataba uandikwe, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, na kila malipo yadaiwe risiti.