Gari la Umeme Lililotumika: Tambueni Mwaka Kabla ya Kulipa

Maelezo kwa wananchi wa Mwese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi



Tumeletwa hapa na swali lenu. Vikundi vya kuweka na kukopa vimetueleza kwamba vinakusudia kuchanga fedha za mavuno ili kununua gari la juu linalotumia umeme, lililokwisha kutumika nje ya nchi, kwa safari za Mpanda mjini na kwa dharura za wagonjwa. Mmeona matangazo katika simu, nanyi mmeuliza: gari la mwaka 2014 na la mwaka 2019 sura zake zinakaribiana, mbona bei zinapishana sana? Jibu la swali hilo ni betri.

Gari la dizeli mmelizoea. Injini yake ikichoka, fundi huifungua, hubadilisha vilivyolika, na gari hurudi barabarani. Betri ya gari la umeme haina mwenendo huo. Hupungua uwezo kwa kutumika, kwa joto na kwa umri. Huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Nayo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika gari hilo. Anayenunua gari la umeme bila kujua hali ya betri amenunua tangi asilojua lina ukubwa gani.

Kwa sababu hiyo, mnapoambiwa mwaka wa gari, ulizeni ni mwaka upi. Upo mwaka wa kutengenezwa. Upo mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, ambao ndio huandikwa katika nyaraka nyingi za Japani. Gari laweza kukaa dukani muda kabla ya kusajiliwa. Upo pia mwaka ambao kiwanda kilibadilisha toleo. Mamlaka ya Mapato Tanzania hutazama mwaka wa kutengenezwa katika kukadiria kodi, na gari la abiria lililofikisha miaka minane huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Pitieni kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa, kwa maana gari lenye bei ndogo Japani laweza kuwa ghali likifika bandari ya Dar es Salaam.

Tutoe mfano, bila kumpigia debe mtengenezaji yeyote. Mitsubishi Outlander PHEV ni gari mseto: lina injini ya petroli, na lina betri inayochajiwa kwa kuchomekwa ukutani. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2013 likiwa na betri ya kilowati-saa 12. Mwaka 2018 lilifanyiwa mabadiliko: betri ikawa ya kilowati-saa 13.8, na injini ya lita 2.0 ikawa ya lita 2.4. Mwishoni mwa mwaka 2021 likaja toleo jipya lenye betri ya kilowati-saa 20. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja mnayonunua kwa LUKU. Basi gari la mwaka 2014 lilizaliwa na tangi la uniti 12, na miaka imekwisha kulipunguza.

Limepungua kiasi gani? Hilo hupimwa. Fundi mwenye kifaa cha uchunguzi huweza kusoma uwezo uliobaki. Betri ya uniti 12 ilipokuwa mpya ilikuwa na ampea-saa 40. Ikisomwa 30, robo imekwisha kupotea. Katika Nissan Leaf, ambalo ni gari la chini lakini limeenea sokoni, kioo cha mbele ya dereva huonyesha vijiti 12 vya uwezo, navyo hupungua kimoja kimoja. Mwombeni muuzaji picha ya kipimo pamoja na namba ya chasisi. Akikataa, msimtumie fedha.

Wengine hudhani kwamba mwaka mpya zaidi ni usalama tosha. Sivyo siku zote. Toyota bZ4X lilipoingia sokoni mwaka 2022, kiwanda kililazimika kuyarejesha magari ya kwanza ndani ya muda mfupi kwa hofu ya boliti za magurudumu kulegea. Hyundai Kona za umeme za miaka ya mwanzo nazo ziliitwa, na mwaka 2021 kiwanda kiliamua kubadilisha betri za magari mengi kwa hatari ya moto. Gari la namna hiyo likiwa limerekebishwa, lina betri mpya kuliko umri wake, na hiyo ni heri kwa mnunuzi. Lisiporekebishwa, ni hatari nyumbani. Dai uthibitisho wa maandishi.

Sasa turudi kwenye barabara yenu. Outlander ya uniti 12, ilipokuwa mpya, ilipimwa Japani kwenda takriban kilomita 60 kwa umeme peke yake, katika mazingira ya kipimo. Safari ya Mwese hadi Mpanda ni ndefu kuliko hiyo, tena kuna vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Katika mteremko gari hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Katika kupanda milima ya Mwese hula zaidi. Pimeni uwezo wa gari kwa safari ya kurudi, likiwa limejaa watu, usiku, mvua ikinyesha. Hapo ndipo mjamzito aliyezidiwa atakapolihitaji.

Kuna pia suala la kuchaji. Kwa miaka mingi Mkoa wa Katavi ulitegemea jenereta za dizeli, nanyi mnajua maana ya umeme kukatika. Kaya inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipia bei nafuu. Kujaza betri ya uniti 12 mara kumi tu ni uniti 120, nanyi mtatoka katika kundi hilo. Fundi umeme mwenye leseni akague nyaya na waya wa ardhini kabla ya gari kuchomekwa. Nyaya nene za rangi ya chungwa ndani ya gari zina umeme mkubwa unaoua. Fundi asiyefunzwa asiziguse.

Angalieni pia soketi ya chaji, kwa kuwa magari ya Japani, Uingereza na China hayatumii aina moja. Yaliyotengenezwa kwa soko la China yana usukani wa kushoto. Na soketi ya ndani ya gari la Japani hutoa volti 100. Vyombo vyenu vya volti 230 havitafanya kazi humo.

Ukaguzi wa ubora unaosimamiwa na TBS msiuchukulie kuwa dhamana ya betri. Dhamana yenu ni mkataba. Uandikwe mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi, kipimo cha betri na tarehe kilipochukuliwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni magumu kuthibitisha. Tunzeni stakabadhi, na hata ujumbe wa simu.

Ushauri wetu kwa vikundi ni huu. Kwa safari ya Mpanda, gari la umeme mtupu lenye betri ndogo ya zamani lisinunuliwe kwa fedha za pamoja. Gari mseto laweza kufaa, kwa kuwa betri ikiisha injini huendelea. Katika hayo, toleo la baada ya mabadiliko lenye kipimo kizuri lastahili kungojewa hata msimu mmoja zaidi. Na gari la mwaka wa nyuma lenye kipimo kilichothibitishwa ni bora kuliko la mwaka wa mbele lisilo na kipimo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Fedha mnazochanga zimetoka kwenye jembe. Zisiondoke kwa picha ya simu. Sasa tunakaribisha maswali.