Boti mbili za alumini: kikundi kichague ipi?

Mazungumzo kwa kamati za BMU na vikundi vya wavuvi



Kikundi kikishapata mkopo wa kununua chombo, mabishano huanza siku hiyo hiyo. Kila mtu ana boti yake moyoni. Pesa zikishatoka, kinachobaki ni kulipa kila mwezi, samaki wapatikane wasipatikane. Kwa hivyo mazungumzo haya ni ya boti mbili tu, zote za alumini na zote za injini ya kufungwa nyuma, na namna ya kuchagua moja.

Chukueni mfano wa kikundi cha wavuvi 12 katika pwani ya Kwale, mahali popote kati ya Gazi na Vanga. Muuzaji amewaonyesha boti mbili. Ya kwanza ina urefu wa futi 16. Tumbo lake ni bapa, mabati yake ni membamba na yameunganishwa kwa ribiti, na injini yake ni ya nguvu za farasi 15. Ya pili ni ya futi 19. Tumbo lake limechongoka kama herufi V, mabati yake ni mazito na yamechomelewa, na injini ni ya 40. Bei yake ni kubwa zaidi. Vijana wanaitaka hiyo ya pili kwa sababu ina mbio. Mweka hazina anataka ya kwanza kwa sababu mkopo unatosha na akiba inabaki. Nahodha mzee amekaa kimya, kisha anauliza: "Wanangu, mnakwenda kuvua wapi?"

Swali hilo ndilo la kwanza, kabla ya bei. Mvuvi wa ndani ya mwamba, anayetafuta tafi, changu na pweza, anahitaji chombo kinachopita maji yakiwa yametoka. Boti ya tumbo bapa inafaa hapo. Haihitaji kina kirefu, na haiyumbi sana watu wanaposimama upande mmoja kuvuta nyavu. Lakini ikitoka mlangoni na kuingia Mkondo wa Pemba kufuata jodari na nguru, tumbo hilo hupigwa na kila wimbi. Mabaharia huumia migongo, na ribiti hulegea kidogo kidogo. Boti ya tumbo la V hukata wimbi badala ya kulipiga. Nayo ina kasoro zake: inahitaji kina zaidi, inahitaji nguvu zaidi kuisukuma, na ikisimama huyumba kuliko ile bapa.

Swali la pili ni lini. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na wengi hutoka nje. Kusi likiingia, kuanzia Aprili, mlango wenye mawimbi hauulizi boti ilinunuliwa kwa bei gani. Kikundi kitakachotoka nje hata siku chache tu za mwaka kinapaswa kupima boti yake kwa siku hizo.

Swali la tatu ni chuma chenyewe. Alumini ni nyepesi, na ikigonga mwamba mara nyingi hubonyea kabla ya kupasuka. Hujitengenezea ngozi nyembamba inayozuia kutu, kwa hivyo haihitaji rangi kila mwaka. Lakini ndani ya maji ya chumvi ina adui mmoja mkubwa, nayo ni shaba. Rangi ya kuzuia mwani yenye shaba ndani yake haifai kupakwa kwenye boti ya alumini. Waya wa shaba ulioachwa chini ya sakafu yenye maji unaweza kutoboa tundu. Ndiyo maana hufungwa vipande vya zinki au vya alumini maalumu nje ya boti, viliwe vyenyewe badala ya mabati. Vikiisha, vinabadilishwa. Muuzaji aulizwe pia namba ya alumini iliyotumika. Mabati ya 5083 na 5086 yametengenezwa kwa ajili ya bahari, na 5052 hutumika sana kwenye boti za mabati membamba. Muuzaji asiyejua namba hiyo aandike barua kwa mtengenezaji kwanza.

Matengenezo nayo yaingie kwenye hesabu. Ribiti iliyolegea inaweza kukazwa au kubadilishwa kwa vifaa vya kawaida. Mshono uliochomelewa ni imara zaidi, lakini ukipasuka hautengenezwi na kila fundi wa jua kali. Mashine ya kawaida ya kuchomelea milango ya chuma haifai kazi hiyo. Inahitajika mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyezoea alumini. Kikundi kijue mapema fundi huyo yuko wapi na nauli ya kupeleka boti kwake ni kiasi gani.

Sasa petroli, ambayo ndiyo huua vikundi vingi kimyakimya. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya kisasa ya "four stroke" ikifunguliwa yote hutumia kama lita 1 kwa saa kwa kila nguvu 3 za farasi. Injini ya 15 itatumia kama lita 5 kwa saa, na ya 40 kama lita 13. Zile za "two stroke" za zamani hutumia zaidi. Ikiwa injini inafanya kazi saa 2 kwa siku, kwa safari 20 za mwezi, injini ya 15 itakunywa lita 200 na ya 40 itakunywa lita 520. Tofauti ni lita 320. Kwa mfano wa shilingi 180 kwa lita, hizo ni shilingi 57,600 kila mwezi. Kilo ya samaki ikiuzwa shilingi 300, boti kubwa lazima ilete kilo 192 zaidi kwa mwezi, karibu kilo 10 zaidi kila safari, ili kulipia petroli hiyo peke yake. Mkopo bado haujaguswa.

Je, kilo 10 hizo zipo? Jibu haliko kwa muuzaji. Liko kwenye daftari la BMU, mahali samaki wanapopimwa na kuandikwa. Katika mfano huu, kikundi kinafungua daftari na kuona kwamba safari za nje wakati wa kaskazi zinazipata kilo hizo na zaidi. Wakati wa kusi wanavua ndani, na kilo hizo hazipo. Kwa hivyo vijana wana haki nusu, na mweka hazina ana haki nusu.

Nahodha mzee anarudi na neno lake: "Injini hubadilishwa. Tumbo la boti halibadilishwi." Hapo ndipo kikundi kinapata njia. Wanachagua boti ya futi 19 iliyochomelewa, kwa sababu maisha ya mabaharia yako kwenye mlango wa mwamba. Lakini wanamwomba muuzaji aifunge injini ya 25 badala ya 40. Injini hiyo itatumia kama lita 8 kwa saa, yaani lita 320 kwa mwezi. Sasa zile kilo za ziada zinazotakiwa zinashuka kutoka karibu 10 hadi chini ya 4 kwa safari. Hasara yake isemwe wazi: ikibeba watu wanne, barafu na samaki, boti hiyo haitaruka juu ya maji. Itakwenda polepole, na nahodha lazima atoke mapema na kurudi kabla upepo haujazidi. Vijana wananuna kidogo, kisha wanakubali. Chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga kasia lake.

Kikundi kinachovua ndani ya mwamba mwaka mzima kisiige uamuzi huo. Kwake boti ya futi 16 inatosha, na akiba inayobaki inunue sanduku la barafu.

Kabla ya kulipa, mambo haya yafanywe, boti yoyote iwayo:

Boti ya ribiti iegemezwe vizuri nchi kavu, itiwe maji kidogo ndani, kisha watu walale chini wakague. Panapotoka tone ndipo patakapoingia bahari.

Boti iliyochomelewa ikaguliwe mishono ya tezi na pembe zake, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Ubao wa tezi unaobeba injini usukumwe kwa nguvu. Ukicheza, mbao za ndani huenda zimeoza.

Urefu wa mguu wa injini ulingane na kimo cha tezi. Vipimo vya kawaida ni inchi 15 na inchi 20. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu huifanya pangaboi izunguke hewani wimbi linapopita.

Muuzaji aonyeshe foma ya kuelea iliyowekwa chini ya viti au sakafu. Alumini bila foma ikijaa maji huzama kama sufuria. Kisha aonyeshe kibao kinachotaja uzito wa juu na ukubwa wa injini unaoruhusiwa.

Mwisho, boti ijaribiwe baharini na mzigo kamili: watu wote, mafuta, nanga, na magunia ya mchanga badala ya samaki. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Boti ikishanunuliwa, isajiliwe na ikaguliwe kabla ya safari ya kwanza, na iandikwe kwenye daftari la BMU. Kila anayepanda awe na jaketi lake la kuokolea maisha, na jaketi livaliwe mwilini, lisiwekwe chini ya kiti. Makasia mawili yawemo daima, hata injini ikiwa mpya.

Kamati zirudi kwa wanachama na maswali matatu: mnavua wapi, mnavua lini, na nani atalipa petroli siku ambayo nyavu zimerudi tupu? Kikundi kitakachoyajibu kwa daftari mkononi hakitahitaji kushawishiwa na muuzaji yeyote.