Mpaka Ulioandikwa Bila Sisi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Nyaramba)



Nimepewa nafasi niseme habari ya mipaka. Mimi ni mtu wa reli, si mwalimu wa historia, na shule yangu ni ile ya msingi ya misheni. Lakini habari hii yatuhusu sisi wafanyakazi, tena reli imo ndani yake.

Wengi wenu mmepita barabara ya Kisii, Migori, hadi Isebania. Mbele yake ni Sirari, nayo ni Tanzania. Nguzo ya mpaka humwonyesha msafiri nchi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Lakini nguzo haisemi ni nani aliyekaa mezani akakata shauri hilo. Basi leo nataka kuisemea.

Mwishoni mwa mwaka 1886 Serikali ya Uingereza na Serikali ya Ujerumani zilipatana huko kwao Ulaya. Mstari ulianza pwani penye mto Umba, ukazunguka kaskazini ya mlima Kilimanjaro, ukanyoshwa hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, mahali pa digrii 1 kusini ya ikweta. Mwaka 1890 wakauvusha ziwa lenyewe. Wapimaji wa pande mbili walikuja kuufuata mstari huo ardhini kati ya 1904 na 1906. Angalieni utaratibu wao: kwanza karatasi, halafu nguzo, na mwenye shamba akapata habari mwisho. Ndugu zetu Abakuria, ambao lugha yao na Ekegusii ni jamaa moja, walikatwa katikati, mjomba akabaki huku na mpwa akawa kule.

Wala msidhani mstari ni wino tu. Vita vilipotokea mwaka 1914, Wajerumani waliuvuka wakaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 Septemba wakapigana hapo na askari wa Waingereza. Mji uliporwa katika machafuko hayo, na Waingereza waliporudi waliwaadhibu Abagusii kwa kuwatwalia ng'ombe. Kisha vijana wetu wakachukuliwa kuwa wapagazi wa vita, ile Kariakoo, na wengi hawakurudi. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi.

Sasa nisemee mpaka wa pili, ambao watu wachache wanaujua. Zamani Uganda ya Waingereza ilifika mpaka Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda, na katika vitabu vyao nchi yetu hii nayo ilihesabiwa Uganda. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Wakubwa waliona ni taabu reli moja kupita katika nchi za serikali mbili. Basi tarehe 1 Aprili 1902 wakauhamisha mpaka, Jimbo la Mashariki la Uganda likatiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ikaendelea kuitwa Reli ya Uganda, na huku stesheni yake ya mwisho haimo tena Uganda!

Ofisi ya Serikali ilifunguliwa Kisii mwaka 1907. Maana yake, tulitolewa katika daftari moja tukaandikwa katika jingine miaka mitano kabla ya kuwa na ofisi hapa ya kumwuliza mtu yeyote. Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe wake siku ile hakujua kwamba amehamishwa.

Ndugu zangu, kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kazini mambo ni yale yale. Mtu hulala akiwa mfanyakazi wa kudumu, akaamka yu wa mkataba wa miezi mitatu, au amehamishiwa kwa kontrakta asiyemjua. Karatasi ilipita mezani naye hayupo. Lakini sisi tuna silaha ambayo mzee yule hakuwa nayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadili masharti ya mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inakipa kila chama haki ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wanachama wote.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja atunze nakala ya mkataba wake nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Ailete kwa katibu wa tawi isomwe. Tatu, mipaka ya wakubwa isitugawe. Oktoba 2023 watu walikufa hapo jirani Sondu kwa ugomvi wa mpaka wa Kisumu na Kericho. Chamani hatuna Mgusii, Mluo wala Mkipsigis. Tuna mwanachama aliyelipa ada yake.

Na kama siku moja tutapewa kibao cha kuandika kando ya barabara, tuandike hivi: Mpaka huu ulikatwa na watu wasioufahamu, na walioufahamu hawakuulizwa.