KAYA YENYE CHAKULA FEBRUARI HAIUZI KANGOMBA

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu ya Chama mbele ya wanachama na familia zao. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Tumeombwa tuzungumzie akiba ya nyumbani. Neno lenyewe kila mtu analijua. Ukimwuliza hata mtoto wa darasa la pili, atakuambia akiba haiozi. Lakini kulijua neno ni kitu kimoja, na kuwa na debe la mahindi ndani ya nyumba mwezi Februari ni kitu kingine. Leo tunataka kuzungumza juu ya hilo debe.

Sisi watu wa uwanda huu wa Makonde fedha yetu ina miezi yake. Korosho huanza kuokotwa Septemba, minada inaanza Oktoba, na kufika mwanzo wa mwaka kazi kubwa imekwisha. Mapato ya miezi mitatu au minne ndiyo yanayotakiwa kuilisha nyumba, kuivisha na kuisomesha miezi 12. Huo ndio mzizi wa maneno yetu yote ya leo. Mwenye mshahara akikosea Januari, anajirekebisha mwisho wa mwezi. Mkulima wa korosho akikosea Desemba, anasubiri hadi Oktoba.

Na Desemba ndugu zangu mnaijua. Fedha ikishaingia, redio ya zamani inaonekana haina sauti, godoro linaonekana gumu, na wengine hata mke waliye naye wanaona hatoshi! Pikipiki inakodiwa kwenda mahali ambapo jana watu walikwenda kwa miguu. Halafu Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba ada katika shule za Serikali za sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa. Februari mvua inanyesha, palizi inadai nguvu, na ghalani hamna kitu. Hapo ndipo mlanguzi anapopiga hodi.

HESABU YA KANGOMBA

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tunatumia bei za mfano tu, maana bei ya mnada hubadilika. Tuseme kaya imekwama Februari, inatafuta shilingi 100,000. Mlanguzi anakubali kutoa shilingi 1,000 kwa kila kilo ya korosho ambayo hata ua lake bado halijatoka mtini. Kaya inajifunga kumpa kilo 100. Oktoba inafika, na mkulima aliyepeleka ghala la chama anapata, baada ya makato yote, shilingi 2,000 kwa kilo. Kilo zile 100 zingeleta shilingi 200,000. Maana yake, kaya ile imekopa laki moja na kulipa laki mbili, ndani ya miezi minane. Wale wanaopiga kelele juu ya mikopo ya kausha damu ya mjini, hii nayo tuiite nini?

Kwa hiyo chama kinapoteza korosho, lakini anayepoteza zaidi ni mama mwenye sufuria. Mwaka unaofuata ana kilo 100 pungufu, basi anaingia Februari akiwa mnyonge kuliko mwaka uliopita. Bandu bandu huisha gogo.

Kumtukana mlanguzi hakusaidii. Anakuja kwa sababu anajua nyumba haina chakula. Dawa yake ni moja: akipiga hodi akute mnakula.

CHAKULA KIHESABIWE KABLA YA KUUZWA

Kaya ya watu sita, wakubwa na watoto, tuseme inatumia kilo mbili na nusu za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 75. Kwa mwaka ni kilo 900, yaani magunia tisa ya kilo 100. Nyumba inayokula muhogo siku tatu kwa juma inaweza kupunguza karibu nusu ya mahindi hayo. Kila kaya ipime sufuria yake, iandike hesabu yake. Mahindi na makopa ya hesabu hiyo yasiguswe, hata kama mnunuzi yuko mlangoni na fedha mkononi. Mahindi yanayouzwa Juni kwa bei ya chini mara nyingi ndiyo yanayotafutwa Februari kwa bei ya juu.

Lakini chakula kikiwekwa vibaya kinaliwa na wengine. Wazee wanamkumbuka dumuzi. Mdudu huyu si wa asili ya hapa. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akaenea nchi nzima, hata wakulima wakambandika jina la Skania kwa jinsi anavyosaga. Anakula mahindi na makopa pia.

Kwanza, nafaka ikauke sawasawa. Kuna kipimo kisicho na gharama. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia kijiko cha chumvi kavu, tia mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa, iache robo saa, tikisa tena. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, yahifadhi.

Pili, ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba, inafanya kazi bila dawa yoyote. Mdudu aliyefungiwa humo anakosa hewa anakufa. Sharti ni kufunga kila mfuko peke yake kwa nguvu, na kuulinda usitobolewe na panya. Na usiufungue fungue kila siku kuchungulia, maana ukichungulia wewe, hewa inaingia na mdudu naye anapumua.

MVUA NI MALI

Hapa kwetu juu ya uwanda maji tunayajua kwa uzito wa ndoo kichwani. Wengine wanateremka bondeni, wengine wananunua kwa dumu. Basi tutazame mabati yetu. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 8 ina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo si mvua ya ajabu, inaangusha lita 480 juu ya paa hilo. Hata tukisema lita 80 zimemwagika pembeni, zinabaki lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20. Mvua moja! Aliyekuwa ateke madumu hayo bondeni angekwenda safari ngapi?

Gata ya bati lililokunjwa na pipa lenye mfuniko vinatosha kuanzia. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe ili mbu wasizaane. Maji ya kunywa yachemshwe. Na maji ya kuogea na ya kuoshea mboga yasimwagwe njiani. Yanatosha kabisa kwa matuta mawili ya mchicha na matembele, na mpapai mmoja nyuma ya bafu. Mwenye kunde shambani na kisamvu uani hana haja ya kununua mboga kila siku.

KUKU NA KUNI

Kuku wa kienyeji ndiyo benki ya akina mama, lakini benki hiyo hufilisika kwa wiki moja kideri kinapopita. Iko chanjo ya tone moja katika jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi, kwa hiyo nyumba kumi zichange, zichanje siku moja. Mwenye kuku wanne asione aibu kuchanga na mwenye arobaini, kwani kideri hakichagui. Ila kuku aliyekwisha ugua chanjo haimponyi.

Juu ya kuni: maharage na choroko zilowekwe usiku, sufuria ifunikwe, na jiko lijengewe ukuta wa udongo ili moto usipotee kwa upepo. Mama anaokoa kuni na macho yake, na binti anapata muda wa kushika kitabu.

DAFTARI LA NYUMBA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja. Ukurasa wa kushoto yaandikwe yaliyoingia, wa kulia yaliyotoka: chumvi, sabuni, sukari, vocha, nauli, kahawa ya kijiweni, yote bila aibu. Kama baba na mama kuandika kunawachosha, mtoto wa shule yupo. Mwisho wa mwezi mketi wote msomewe. Hapo mtashangaa wenyewe.

Na siku ya malipo ya korosho, kabla fedha haijavunjwa, baba na mama wakae waigawe mafungu: fungu la shamba la mwakani, yaani salfa na palizi, fungu la shule, fungu la matibabu, fungu la kuongezea chakula. Mafungu hayo yakishawekwa benki au kwenye kikundi cha hisa, kinachobaki ndicho cha kufurahia. Neno "wakae wote wawili" tunalirudia. Korosho ziliokotwa na mikono ya wote, basi na zihesabiwe na macho ya wote.

Hatusemi tuache jando na unyago. Hizo ni mila zetu. Tunasema ngoma ipangiwe fungu lake tangu mapema, na ndugu wa ukoo mmoja washirikiane karamu moja badala ya kila nyumba kushindana. Sifa ya karamu ni siku tatu, deni lake ni mwaka.

KUBANA MATUMIZI SI KUMBANA MTOTO

Tusielewane vibaya. Baba anayeuza mayai yote huku watoto hawalionji hata moja, huyo hakuweka akiba. Usibane chandarua, usibane kliniki ya mjamzito, usibane yai na maharage ya mtoto mdogo. Ugonjwa ni ghali kuliko chakula. Wakubwa wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokusanyika kusikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kulima bustani. Kampeni zile zilipita, lakini vyoo vile havikuchimbwa na redio. Vilichimbwa na watu.

Basi ndugu zetu, kabla ya mkutano ujao tunaomba kila kaya itimize mambo matatu tu. Moja, ipime unga inaoutumia kwa juma moja, iandike. Mbili, ifungue daftari. Tatu, ijiandikishe kwa balozi wake kwa ajili ya chanjo ya kuku. Kamati itapita nyumba kwa nyumba, si kukagua wala kutoza faini, bali kusaidiana hesabu. Mwenye njia yake nzuri zaidi ailete mkutanoni, tuiandike hapa ukutani wengine wajifunze.

Mlanguzi atakuja tena Februari. Mpeni kiti, mpeni maji ya kunywa, kisha aendelee na safari yake.



KAMATI YA ELIMU YA CHAMA