Rangi ya Waya Si Ushahidi: Mada kwa Wamiliki na Mafundi wa Magari



Gari ni mtaji wa familia. Hubeba abiria, mazao na hata wagonjwa. Hivyo, waya mmoja wa redio uliounganishwa vibaya waweza kuleta hasara kubwa: betri kuisha usiku, redio kuungua, au shoti kuwasha moto ndani ya dashibodi.

Tatizo huanza pale fundi anapoamini rangi. Redio nyingi za madukani hutumia njano kwa umeme wa kudumu wa betri, nyekundu kwa umeme wa swichi ya ufunguo, na nyeusi kwa ethi. Toyota nyingi za zamani hazifuati mpangilio huo. Humo, umeme wa kudumu hupita katika waya wa buluu wenye mstari wa njano, umeme wa swichi katika waya wa kijivu, na ethi ni ya kahawia. Nyeusi na njano ni za spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni za nyuma kulia. Anayeunganisha rangi kwa rangi huupeleka waya wa kijivu wa redio, ambao ni wa spika, kwenye waya wa gari wenye volti 12. Swichi ikifunguliwa, redio yaweza kuungua papo hapo.

Magari mengi ya Ulaya hutumia plagi ya kiwango cha ISO, yenye sehemu mbili za pini nane nane. Katika sehemu ya umeme, pini ya 4 ni umeme wa kudumu, ya 7 ni ya swichi na ya 8 ni ethi. Hata hivyo, baadhi ya Volkswagen zimebadilishana pini ya 4 na ya 7. Ndiyo maana redio husahau stesheni kila gari linapozimwa.

Basi njia salama ni kupima. Kabla ya kuchomoa redio, plagi ipigwe picha, na mchoro ulio juu ya kasha la redio usomwe. Redio ikishatolewa, mita iwekwe upande wa volti, na waya wake mweusi uguse chuma safi cha bodi. Waya unaoonyesha takriban volti 12 ufunguo ukiwa nje ni wa kudumu. Unaopata umeme baada ya ufunguo kuzungushwa ni wa swichi. Unaopata umeme taa zikiwashwa ni wa mwanga wa redio. Kisha hasi ya betri ifunguliwe, ndipo ethi na spika zipimwe kwa omu. Ethi husoma karibu na sifuri. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Betri ndogo ya volti 1.5 ikigusishwa kidogo kwenye jozi ya waya, spika husikika ikigonga na kujitambulisha.

Tahadhari ya mwisho: katika baadhi ya redio kuukuu, spika zilirudisha umeme kupitia bodi. Redio ya kisasa haivumilii jambo hilo. Kila spika ipewe waya zake mbili. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya. Na moto ukitokea, watu watoke garini kwanza, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.